Kichupa cha Mtungini

Alhamisi iliyopita tulimzika Mama Tabitha, kule juu ya Mlalo, na mimi nikaomba kisu nimenye viazi pamoja na wanawake wengine. Wenye nyumba walitaka nikae sebuleni niletewe chai. Kwao mimi ni mgeni wa heshima, mwanamke mtu mzima aliyetoka mjini Lushoto na mguu uliopungua vidole viwili. Lakini jiko lile nalijua tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na sebuleni kulikuwa na picha ya msichana ukutani ambayo sikutaka kuketi mbele yake. Nikachukua kigoda, nikakaa karibu na mlango ili moshi unipite. Jirani mmoja akaingia na kikapu cha plamsi, zile nyekundu zilizoiva hadi zinapasuka, maana ni Januari na mlima mzima umejaa plamsi. Kabla hajakitua, mama mmoja aliyekuwa akisugua sufuria akamnong'oneza akirudishe nje. "Nyumba hii haziliwi," akasema. "Hujui zilimuua mtoto?" Jirani akaomba radhi, akatoka nacho. Wanawake wakaendelea kumenya viazi, na mimi nikaendelea kumenya.

Muda mfupi baadaye aliingia binti wa miaka ishirini na kitu, kanga ya msiba ameifunga juu ya suruali. Akanipa shikamoo shangazi, nikaitikia marahaba, akaketi kando yangu na kuchukua kiazi. Kisha kitu kikalia kiunoni mwake, mlio mdogo tu, naye akainua blauzi akabonyeza kiboksi cheusi kisichozidi sana kiberiti, chenye mrija mwembamba unaoishia chini ya plasta tumboni. Sikuhitaji kuambiwa. Nimeishi na kisukari zaidi ya miaka thelathini, na pampu ya insulini nimewahi kuiona kwenye bango la kliniki, mgonjwa wa pichani akicheka kana kwamba amepata mchumba. Huyu alikuwa Tabitha mdogo, mtoto wa kaka yake Tabitha rafiki yangu wa ujana, aliyepewa jina la shangazi yake marehemu na alipofika miaka saba akapata na ugonjwa wake. Anasoma Ujerumani, alikuwa amekuja likizo, na bibi yake akafa yeye akiwa hapo hapo nyumbani. Akanieleza kwa upole, kwa jinsi vijana wanavyotueleza wazee mambo ya simu, kwamba kiboksi kile kinampa dawa kidogo kidogo mchana na usiku, na kwamba akila anakibonyeza tu, basi. Nilimwonea wivu, na sioni haya kuuandika. Tena sikumwonea kwa ajili yangu peke yangu. Nilimwonea pia kwa ajili ya mtu ambaye leo tungekuwa na umri mmoja.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa wa enzi za ruksa, vitu vilipoanza kujaa madukani. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni tulishangaa kuona sabuni za rangi nne kwenye rafu moja. Sokoni walimwaga mitumba juu ya maturubai, makoti ya Wazungu waliokufa, ndivyo tulivyoamini, na kwa baridi yetu makoti hayo yaligombewa. Tanga likafunguliwa duka la dawa la mtu binafsi, na hilo ndilo lililonigusa mimi, maana insulini ya hospitali leo ilikuwepo, kesho haipo. Dereva wa lori la kabichi akawa anatuletea vichupa kutoka huko amevizungushia taulo bichi, kwa sababu kila akipanda mlima alikula kwa Mama Mdogo Zaina. Huyo alikuwa mdogo wa mama yangu, mwenye mgahawa wa vyumba viwili nyuma ya soko, na nilihamia kwake kwa sababu hospitali ilikuwa karibu. Nililala chumba cha nyuma kilichopakana na jiko, ukuta mmoja una joto la kuni, mwingine unatoka maji kwa ukungu. Uvunguni kulikuwa na mtungi wenye mchanga mbichi. Muuguzi ndiye aliyetufundisha: kichupa ndani ya kikombe, kikombe juu ya mchanga, na kitambaa chenye maji juu ya mdomo wa mtungi. Alisema dawa hii haitaki joto. Hakusema kwamba haitaki kuganda, na simlaumu, kwani katika mitaa yetu ya wakati ule barafu angeitoa nani?

Siku yangu ilianza na bomba la sindano. Lilikuwa la kioo, nalichemsha kwenye kisufuria kisichoruhusiwa kupikia kitu kingine, na sindano yake ikiwa butu niliinoa taratibu kwenye jiwe la visu, kisha nikaichemsha tena. Baada ya hapo mkojo. Nilidondosha matone manane kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya bluu, nikakishika kwa koleo juu ya moto, kando ya chungu cha maharage ya wateja, nikisubiri rangi. Ikibaki bluu, siku hiyo mimi ni mzima. Kijani si mbaya, njano ni onyo, rangi ya tofali ni balaa. Mpishi alikuwa akihamisha maharage yake kila akiniona naingia, na nimewahi kumsikia akimwambia mteja kwamba mtoto wa hapa anapika mikojo. Chakula changu kilikuwa na sahani yake: ugali wa ngumi moja, maharage, mchicha, na chai isiyo na sukari, huku upande wa pili wa pazia maandazi yakitoka kwenye mafuta. Ramadhani nilikula nimejificha kana kwamba nimeiba. Watu waliuita ugonjwa wa matajiri, mimi ambaye kijijini kwetu sukari niliionja sikukuu. Siku moja mteja, mzee wa heshima kabisa, alimuuliza Mama Mdogo nani atamwoa binti wa kuchoma sindano. Mama Mdogo akamjibu kwamba ataolewa na daktari, tena daktari mwenyewe atangoja foleni. Wakacheka. Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani yangu, na kwa jibu lile nilimpenda mama yule kuliko ninavyoweza kueleza. Naliandika hapa kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila upendo huo.

Tabitha nilimkuta kwenye benchi la kliniki. Tulikuwa wawili tu wa umri wetu, wengine wote wazee wenye bakora, na tulitazamana kwa namna ya watu waliokutana ugenini wakagundua wametoka kijiji kimoja. Yeye alikuwa Mlutheri wa Mlalo, mwimbaji wa kwaya, mwembamba, mwenye mdomo usiokaa kimya. Rangi za mkojo alizifanya mchezo: asubuhi akinikuta kliniki ananiuliza, "Leo umevaa nini?" nami namjibu kijani, naye ananicheka kwamba yeye kavaa bluu, sare ya shule. Lori la kabichi halikufika Mlalo, kwa hiyo dawa yake ilikaa kwangu, mtungini, na kila Jumamosi ya tatu alishuka na basi dogo la asubuhi kuchukua kichupa kimoja. Mara nyingine alikuja na mama yake, mwanamke wa maneno machache aliyetubebea maharage na viazi na kumwita Mama Mdogo dada. Siku hizo tulikula sahani moja, Tabitha na mimi, ule ugali wangu wa ngumi ukawa wa ngumi mbili. Katika mwaka ule wote ndiye mtu pekee aliyekula chakula changu bila kunionea huruma.

Mwezi wa kumi na moja Mama Mdogo akanunua friji. Lilikuwa la mtumba kutoka Dubai, jeupe, lina kutu miguuni, na lilishushwa kwenye gari na wanaume wanne huku mtaa mzima ukitazama. Alilivalisha kitambaa cha kufuma na kuliweka mbele, mahali ambapo mteja akiingia lazima alione. Watu walikuja kulishika ubavu. Kwanza lilikuwa la soda, baadaye akagundua barafu, maji ya rangi nyekundu kwenye vifuko vya nailoni, na watoto wa shule wakamiminika. Nikarudi kutoka shule siku moja nikakuta uvungu wangu umefagiliwa na Mama Mdogo ananisubiri na uso wa mtu mwenye zawadi. Alikuwa amevihamisha vichupa vyote vitatu vipya kwenye friji. Akanionyesha, kwenye sahani ndogo ya maua, juu kabisa chini ya barafu, kwa sababu huko ndiko kwenye baridi zaidi. "Dawa ya mwanangu haitakaa tena na mchanga kama viazi," akasema. Mama Tabitha aliposikia habari hizo alishika mikono ya Mama Mdogo akashukuru kwa muda mrefu. Na sisi tulikuwa watu wa baridi. Kwetu joto ndilo lililoozesha maziwa na kunyausha kabichi zilizoshuka Mombo, kule bondeni. Baridi ilikuwa rafiki, ilitunza kila kitu, hata maiti iliyosubiri ndugu wa mbali. Hakuna aliyeweza kufikiri kwamba baridi nayo inaweza kuua dawa. Mtungini nilibaki na kichupa kimoja, kile nilichokuwa nikikitumia, kwa sababu kilikuwa nyuma ya mtungi siku ile na Mama Mdogo hakukiona, nami kwa mazoea nikakirudisha kwenye mchanga, na tangu hapo kila kichupa nilichokifungua nilikiweka humo humo.

Januari ikaja na jua, barafu ikauzika, na Mama Mdogo akazungusha swichi ya friji hadi namba ya mwisho. Jumatano asubuhi nilifungua kutafuta maziwa, nikaona vichupa vitatu vilivyoletwa karibuni vimekuwa vyeupe na vigumu. Nilivibeba chumbani, nikavikumbatia kwapani mpaka vikayeyuka. Dawa yetu kwa kawaida ilikuwa kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo, ukiizungusha mkononi inachanganyika yote. Hii ilibaki na chenga, vipunje vyeupe vilivyoshuka chini na kukataa kuchanganyika. Nikajipa moyo. Nikatumia hiyo hiyo Jumatano na Alhamisi, ile ya mtungini nikiiweka akiba, na jioni zote mbili mkojo ulitoka rangi ya tofali, na Ijumaa nikaamka na kiu ya kumaliza ndoo. Nikarudi kwenye kichupa cha mtungini. Jumamosi asubuhi nilipima tena, ikawa kijani. Hapo nilijua. Watu hudhani mtoto wa miaka kumi na sita hajui. Mimi nilijua, ila sikuwa na maneno ya kulitamka.

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya Tabitha. Alikuja na mama yake, wamebeba maharage, na Mama Mdogo akawakalisha meza ya mbele, akafungua soda ya baridi kwa ajili ya Mama Tabitha na kumweleza namba za swichi, moja baada ya nyingine. Kisha akaniita niilete dawa ya mwenzangu. Nilisimama mbele ya friji mgongo wangu ukiwa kwao. Ningeweza kusema, Mama, imeganda, imeharibika. Ningesema hivyo mbele ya mgeni, mbele ya wateja, juu ya kitu ambacho mama huyu alinifanyia kwa mapenzi yake yote, na kwetu mtoto hamvui mkubwa nguo hadharani namna hiyo. Kwa miaka mingi nimejieleza hivyo, na ni kweli. Lakini kuna kweli nyingine. Kichupa cha mtungini kilikuwa kimebaki robo, na lori la kabichi lingerudi baada ya wiki nzima. Ilinitosha mimi. Tukigawana, isingetutosha wawili. Hilo nililipiga hesabu pale pale nikiwa nimeshika mlango wa friji, wala halikunichukua muda.

Nikatoa kichupa kimoja, nikampa. Tabitha akakiinua kwenye mwanga wa mlango, maana alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

"Mbona ina chenga?" akauliza.

"Itikise," nikamwambia.

Akaitikisa, akaifunga kwenye leso, akaitia kifuani. Tulikula sahani moja kama kawaida, na alipoondoka aliniambia Jumamosi ijayo nikiwa na nafasi nipande Mlalo, plamsi zao zimeiva. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka mgahawani. Ningeweza kwenda kumuuliza muuguzi Jumamosi ile, au Jumapili, au Jumatatu. Sikwenda. Usiku nilijiambia kwamba labda chenga si kitu, labda mimi nilikuwa na homa, labda mwili wake ni tofauti na wangu.

Ijumaa iliyofuata mama mmoja muuza mapeasi kutoka Mlalo aliingia kunywa chai, na nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia akimwambia mpishi kwamba binti wa kwaya amefariki. Alianza na kiu, akasema, kisha kutapika, kisha kupumua mbio kama aliyepanda kilima. Mama yake alidhani ni tumbo, kwa sababu mtoto wiki nzima alikuwa juu ya mti wa plamsi, na akamnyima plamsi na kumpa uji. Sindano alikuwa akichoma asubuhi na jioni bila kukosa. Walipombeba kumshusha hospitali alikuwa hasikii tena akiitwa, na hakufika. Nilikaa juu ya kitanda na sahani mapajani. Kisha nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza: nilichukua vichupa viwili vilivyobaki kwenye friji nikavimwaga chooni, na Mama Mdogo aliponiuliza nikasema vimenianguka. Hakunigombeza hata kidogo.

Tulikwenda mazikoni, Mama Mdogo na mimi, naye akabeba kreti la soda zilizolala kwenye friji, zawadi yake kwa wafiwa. Mama Tabitha alikuwa amekaa chini jikoni, mahali pale pale nilipomenyea viazi wiki iliyopita, na alikuwa akirudia jambo moja kwa kila aliyeingia. "Nilimwachia," alisema. "Kila siku nilimwona juu ya mti, nami nikamwachia." Wanawake walimwambia ni kazi ya Mungu. Wakiwa nje walisema kwamba kweli, mgonjwa wa sukari unamwachiaje matunda matamu? Akanivuta akanikalisha pembeni yake, akashika mkono wangu, akanionya nisile plamsi maisha yangu yote. Nilimwahidi. Kabla mwaka haujaisha alikata miti yake yote mitano, na kwenye mteremko ule wenye plamsi kila nyumba, kwake peke yake pakabaki visiki.

Aliniita mwenzake Tabitha mpaka mwisho. Kila mavuno gunia la viazi lilishuka Lushoto kwa jina langu, na maharage, na mara nyingine mapeasi kwa ajili ya wanangu. Plamsi hata siku moja. Mama Mdogo naye alizeeka akisimulia jinsi friji lake lilivyotunza dawa za watoto wawili, na alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, kisingizio changu cha heshima kilizikwa naye. Hapakuwa na mkubwa wa kumwonea haya tena. Nikakaa kimya miaka mingine kumi na miwili, nikila viazi vya yule mama.

Jikoni Alhamisi, wanawake walipotoka kuandaa ukumbi wa kulia chakula, nilibaki na Tabitha mdogo na beseni la viazi kati yetu. Alisema kwamba akiwa kwa rafiki zake huzila plamsi kila akizipata, anabonyeza pampu na hakuna linalompata, ila hapa nyumbani hakuwahi kumwambia bibi. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa rafiki yake shangazi, kama ni kweli plamsi ndizo zilizomuua.

Niliweka kisu chini. Nikamwambia yote, friji na swichi, chenga, rangi ya tofali, robo ya kichupa iliyobaki mtungini, na neno nililomwambia mwenzangu alipouliza. Alimaliza kumenya kiazi chake, akakitia kwenye maji.

"Insulini iliyoganda haifai," akasema. "Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka saba."

Nikamwambia sisi hatukufundishwa.

"Lakini rangi uliiona."

"Niliiona."

Nje walikuwa wakipanga viti, na mtu akiulizia chumvi. Akaniuliza kama Mama Mdogo wangu bado yupo, nikamjibu kwamba alikwishafariki, na ni lini. Akatazama mlangoni, kwenye kile kipande cha mteremko kisicho na miti, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Bibi alikuwa hai mpaka Jumanne," akasema.

Kisha akachukua beseni lake la viazi, akahamia upande wa pili wa jiko.